Baba Yake Neno Hili Ni Nani?

Mwenye kosa ni "alcohol". Nalisema mapema ili watu waache kuniuliza mambo yalianzaje.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha tatu katika shule ya wasichana ya kutwa hapa Garissa, kipindi cha baada ya adhuhuri, saa ambayo hata mbuzi wa mjini huwa wamejilaza chini ya magari. Feni ilikuwepo, umeme haukuwepo. Tukafika kwenye kisa cha dereva aliyelewa akaangusha lori, na neno lilipotajwa tu darasa zima likaanza astaghfirullah, astaghfirullah, utadhani mimi ndiye niliyeingia na chupa mkobani. Nikataka kuwatuliza. Nikasema, jamani, mbona neno lenyewe ni la Kiarabu? Ni "al-kuhl", wanja, huu huu mliojipaka machoni asubuhi kinyume cha sheria za shule. Wazungu walilichukua likiwa na maana ya unga laini wa wanja, baadaye likawa kiini cha kitu chochote kilichosafishwa, na mwisho likatumbukia kwenye pombe.

Lo! Kulikuwa na kelele mpaka mwalimu wa Hesabu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanafuta macho kwa ncha ya buibui. Msichana mmoja mrefu aliyekaa karibu na dirisha akasimama, akangoja wenzake wanyamaze.

"Madam, hii neno baba yake ni wanja, sawa," alisema. "Na wanja baba yake ni nani?"

Nikasema nitatafuta, kwa kuwa mwalimu akishikwa ndivyo anavyosema, na hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Kwa asiyewajua watu wa huku, nieleze. Mtoto wa Kisomali, kabla hajajua kusoma, hufundishwa kuhesabu baba zake: yeye ni wa fulani, wa fulani, wa fulani, anapanda hivyo hivyo babu juu ya babu mpaka anafika kwa mzee wa kale ambaye ukoo wote unamtaja. Wanaiita abtirsi. Si majivuno, au tuseme si majivuno peke yake. Ni anwani. Kwetu Malindi tukikutana na mgeni tunamuuliza anakaa wapi. Wao wanamuuliza ni wa nani, kisha wanapanda pamoja naye mpaka wakutane kwa babu mmoja, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Na mtu akishaanza kupanda hakatizwi. Kumkatiza ni kama kumfungia mlango usoni.

Wasichana wangu waliniuliza abtirsi yangu wiki ya kwanza nilipohamishiwa hapa. Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikamtaja baba yake babu, nikakwama.

"Watatu tu, madam?" wakauliza. "Bole sana."

Walinisikitikia kwelikweli, kwa lafudhi yao ambayo p huwa b na v huwa f. Mmoja aliniletea maziwa ya ngamia kesho yake.

Basi baada ya "alcohol", hakuna neno la Kiingereza lililoruhusiwa kuingia darasani bila kuonyesha baba zake. Mwanzoni lilinifurahisha, siwezi kukana. Nilikuwa nakaa na simu baada ya magharibi nikimaliza bando langu kutafuta asili za maneno, na asubuhi naingia darasani kama mtu aliyerudi na habari za msiba. "Magazine" ni mtoto wa "makhazin", maghala. Likawa ghala la baruti, likawa ghala la risasi ndani ya bunduki, likawa ghala la habari lenye picha za wachezaji sinema. Hilo la risasi hawakuhitaji kuelezwa. Mtoto aliyepita vizuizi vya barabara ya Liboi analijua. "Giraffe" walimtambua mara moja, zarafa. "Cattle" na "capital" ni ndugu wa tumbo moja, wote wanatokana na neno la Kilatini la kichwa, kwa kuwa utajiri ulihesabiwa kwa vichwa. Niliwatolea hilo nikitegemea mshangao. Wakanitazama tu.

"Hiyo si habari, madam," akasema yule wa dirishani. "Sisi tunasema xoolo. Xoolo ni mifugo, xoolo ni mali. Kwani mali ingine ni gani?"

Mkuu wa idara yetu, mtu wa bara aliyepangiwa huku miaka mingi na bado anahesabu likizo, aliniita chemba. "Madam, silabasi," akasema. Hakuwa na sentensi nyingine, na wala haikuhitajika, kwa sababu alikuwa na haki. Tulikuwa nyuma. Madarasa mengine yalikuwa yanaandika insha, sisi tunavipeleka vitenzi kwao, kwa baba zao.

Nilijaribu kuacha. Nikaingia nikasema leo hakuna baba wala babu, leo ni maana na sentensi. Niliandika "rival" ubaoni: mshindani, hasimu. Sentensi. Wakaandika. Kisha wakakaa wakinitazama kama wageni walionyimwa chai. Mmoja akasema taratibu kwamba kuuliza si ujinga, madam, iko imeandikwa hapo ukutani. Na kweli ilikuwa imeandikwa, na niliyeiandika ni mimi. Nikawapa. Nikasema "rival" anatoka kwenye Kilatini, maana yake ya kwanza ni mtu anayechota maji katika mfereji mmoja na wewe. Darasa zima likaweka kalamu chini. Hao ni watoto ambao wengine wamezika wajomba kwa ajili ya kisima. Siku hiyo sikuweza kuendelea na sentensi.

Lakini zaidi ya yote kilichoniudhi ni Kiingereza chenyewe. Lugha gani hii isiyokaa na tabia moja? "Nice" lilikuwa ni ujinga mtupu, mtu asiyejua kitu. Leo ni sifa. "Silly" lilikuwa mtu aliyebarikiwa. Leo ni matusi madogo ya ndugu kwa ndugu. "School", hili nililitafuta siku nimesahihisha madaftari mpaka vidole vimekufa ganzi, linatoka kwa Wagiriki na maana yake ni mapumziko. Mapumziko! Nilicheka peke yangu jikoni. Neno linaingia nyumbani kwa watu, linakula, linabadili nguo, linatoka likiwa mtu mwingine, na hakuna wa kuliuliza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: yako maneno ya Kiingereza ambayo wataalamu wenyewe wameinua mikono, hawajui yalikotoka. "Dog" hajulikani baba. Darasa likasema mbwa, lazima. Nikakosea nikaendelea. Nikasema "girl" pia. Zamani lilikuwa ni mtoto yeyote, wa kiume au wa kike, na kabla ya hapo hakuna ajuaye.

"Kwa hifyo sisi na mbwa?" akauliza mmoja.

Nilihangaika nalo hilo mpaka kengele ikanihurumia.

Sasa nimzungumzie yule wa dirishani, maana habari hii ni yake. Kwao ni upande wa Liboi, mbali na lami. Hapa mjini alikuwa anakaa kwa mjomba wake mwenye duka la vitambaa. Alikuwa na akili ambayo ukiikuta darasani unaogopa kidogo, unaogopa usije ukaiharibu. Alitaka kuwa mkunga. Hakusema kama watoto wanavyosema daktari, rubani. Dada yake mkubwa alishikwa na uchungu kwenye kambi yao ya wafugaji wakati wa kiangazi, wakampakia nyuma ya pikapu kumleta hospitali, na mtoto akafa njiani kabla hata hawajaona taa za Dadaab. Yeye ndiye aliyemshika dada yake mkono safari nzima. Alinisimulia hayo mara moja tu, wakati tunapanga viti, na hakurudia.

Alipomaliza kidato cha nne, na akamaliza vizuri, zikatoka habari za ufadhili wa chuo kwa wasichana wa kaskazini mashariki. Fani yoyote, mradi mtoto afike mbele ya jopo aseme kwa kinywa chake mwenyewe anataka nini. Baba yake alikuwa amepoteza karibu ngamia wote kwa ukame. Bila ufadhili ule hakukuwa na chuo. Kulikuwa na duka la mjomba. Sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sote.

Nikamfanyisha mazoezi nyumbani kwangu. Kwa nini ukunga? Alijibu. Utafanya kazi wapi? Alijibu. Ukipangiwa Nairobi utarudi? Alijibu mpaka nikataka kulia. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha baadhi yetu kule staffroom. Siku ya usaili nilimpeleka mwenyewe, nikiwa na uhakika niliopaswa kuutilia shaka, kwa kuwa maisha hayajawahi kunipa uhakika wa bure.

Jopo lilikuwa la watu watatu nyuma ya meza moja: mwanamke na mwanamume waliokuja kwa ndege asubuhi ile kutoka Nairobi, na mzee mmoja wa hapa, ofisa mstaafu, ndevu zake zimepakwa hina. Walimu tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti tusifungue mdomo. Kila mtoto alipewa dakika chache, na simu ya yule mwanamke ilikuwa mezani ikihesabu.

Msichana wangu akaingia, akasalimu, akakaa. Yule mwanamke akatabasamu, akamuuliza kwa Kiingereza swali dogo, swali la kumlainisha mtoto kabla ya maswali yenyewe: je, "ambition" yake ni nini?

Nilimwona anamtazama yule mzee. Akainamisha macho. Nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Ambition," akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "amezaliwa na ambition wa Kifaransa. Yeye amezaliwa na ambitio wa Kilatini." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa na mwendo, kama wanavyofanya wanapopanda. Ambitio ni mtoto wa "ambire", akaendelea, kuzunguka. Warumi wa kale, mtu akitaka cheo, alivaa nguo nyeupe akazunguka mjini akishika watu mikono na kuomba kura. Hiyo nguo nyeupe ndiyo iliyomzaa "candidate". Na ambire naye ana wazazi wawili, mmoja ni "pande zote", wa pili ni "kwenda".

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nilipiga chafya ambayo sikuwa nayo. Yule mwanamume wa Nairobi alikuwa anaandika, akaacha kuandika, akamtazama mwenzake. Mwanamke alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa namna ya mtu anayesubiri lifti. Akajaribu kuingia kati: sawa, lakini wewe, wewe mwenyewe? Mtoto akainua kiganja kidogo kwa adabu, kumwomba asimkatize, akaendelea na yule babu wa "kwenda".

Na mzee? Wallahi, mzee alikuwa anahesabu pamoja naye. Niliona kidole gumba chake kinapita kwenye pingili za vidole vingine, babu mmoja baada ya mwingine, midomo inacheza. Alikuwa anamfuata hatua kwa hatua, ameridhika kabisa.

Simu ikalia. Mwanamke akashukuru. Akaitwa mwingine.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilimshika bega nikamgeuza.

"Umeulizwa unataka kuwa nini! Neno moja! Mkunga! Mtoto wa chekechea angelisema! Nani alikutuma kwa Warumi?"

Hakulia. Alinitazama kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyefanya jambo la ajabu.

"Madam, kulikuwa na mzee bale mbele," akasema. "Ningeanza namna gani, mimi nataka, mimi nataka? Mtoto wa nani anaongea hifyo mbele ya mzee? Nilikuwa nabanda kwanza. Halafu nishuke."

"Ushuke wapi?"

"Kwangu. Nilikuwa bado sijafika kwangu."

Nikamuuliza, kwa hasira bado, angefikaje kwake kutoka kwa Warumi waliovaa nguo nyeupe. Akaniambia. Alisema neno hilo baba yake ni kuzunguka. Wale walizunguka wakiomba kura, na hao tunawajua, wanakuja na lori la maji kabla ya uchaguzi halafu basi. Lakini watu wa kwao wanahama, hawangoji hospitali ijengwe mahali. Mkunga wa watu kama hao inabidi awe wa kuzunguka, kambi kwa kambi, awe amefika mlangoni kabla uchungu haujaanza, asingoje pikapu. Naye angevaa nguo nyeupe.

"Hiyo ndiyo ambition yangu," akasema. "Nilikuwa nimeibanga fizuri."

Katika watoto wote walioingia chumba kile hakuna aliyekuwa na jibu linalokaribia hilo, na jibu hilo lilikuwa limesimama kivulini na mimi, watu watatu wako ndani wanamsikiliza mwingine akisema anapenda kusaidia jamii.

Nilimngoja mzee. Alipotoka kwenda kuswali nilimfuata mpaka karibu na birika la kutawadha, jambo ambalo mwanamke mwenye adabu zake halifanyi, na nikamwamkia, na nikamuuliza kama alielewa yule mtoto alikuwa anakwenda wapi.

"Nilielewa," akasema. "Alikuwa anakuja. Alibakisha kidogo."

"Sasa, mzee wangu, mbona hukuwaambia wenzako wamngoje?"

Akakunja mikono ya shati, polepole, mmoja kisha wa pili.

"Binti yangu, hao wageni wanajua jambo moja tu kuhusu sisi, kwamba tunabebana kiukoo. Mimi nikifungua mdomo kwa mtoto mmoja, tena anayehesabu babu, watasema huyo ni wa ukoo wangu. Na wote wataharibikiwa, hata wale wengine. Ningefanya nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilitafuta jibu baya kwa bidii. Shida ni kwamba alikuwa amesema kweli, na ukweli wa namna hiyo unamwacha mtu na hasira yake mkononi, hana pa kuitupa. Akaniambia nimwambie mtoto alihesabu vizuri. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia.

Majibu yalipotoka jina lake halikuwemo. Mkuu wa shule alisimulia kwamba jopo lilimsifu kwa ufasaha, ila walisema hakuonyesha malengo. Mkuu wa idara yetu alikuwa pale, na kwa mara ya kwanza hakutaja silabasi. Alisema tu "aisee", akaenda zake darasani.

Sasa mwaka umegeuka, na wameruhusu wasiopata waombe tena. Yeye yuko dukani kwa mjomba, anapima vitambaa, na Jumamosi mchana anakuja kwangu. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, najifanya yule mwanamke wa Nairobi, simu mbele yangu inahesabu. Nilimkalisha juzi nikamuuliza swali lile lile.

"I want to be a midwife," akasema.

Akainamisha macho. Akatazama mlango, akajifunika vizuri mtandio, kama mtu aliyejikuta sebuleni kwa watu na hakupiga hodi.

"Hifyo tu, madam?"

"Hivyo tu."

"Na kule kuzunguka?"

"Utawaambia wakikuuliza."

Alikuwa anazungusha futi ya mjomba wake kwenye kidole, ile ya kupimia kitambaa.

"Hawataniuliza," akasema.

Nilijua kwamba hawatamuuliza. Nikamwambia arudie, na safari hii asiinamishe macho.